Tusiwaache gizani peke yao

Huku Bugarama na machimbo ya jirani hatujasahau Nyangalata. Oktoba 2015 mgodi uliporomoka, wachimbaji sita wakanaswa chini. Baada ya siku 41 watano walitolewa wakiwa hai. Mwenzao mmoja alifia humo. Walikula mizizi na wadudu. Katika giza lile, walau hakuna aliyekuwa peke yake.

Yapo mashimo mengine tusiyoyaona. Mtu anakaa benchi la mbele kanisani, amevaa vizuri, anaimba, lakini usiku hapati usingizi na hamu ya kuishi imemtoka. Akithubutu kusema, tunamjibu: imani yako haba, au umerogwa. Hapo tunamwongezea kifusi.

Rafiki zake Ayubu walianza vizuri. Walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Waliharibu walipofungua vinywa kumhukumu.

Huko Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kuwasikiliza wenye huzuni nzito, wakikaa nao kwenye benchi nje ya zahanati. Kinachonigusa zaidi ni kwamba waliosaidiwa hukutana baadaye katika vikundi, wakisuka mikoba na kutiana moyo. Huduma hiyo imefika hata Zanzibar.

Sisi tunazo jumuiya ndogo ndogo. Tunachangiana misiba na harusi. Kwa nini basi aliyepitia ugonjwa wa akili tumnyamazishe kwa aibu, wakati yeye ndiye angeweza kuketi na anayeupitia leo? Huyo haelezwi sana. Njia ile anaijua.

Lakini tuelewane. Urafiki hauchukui nafasi ya daktari, wala sala haikatazi dawa. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake, na jambo hilo lisifanywe siri. Apelekwe hospitali, na rafiki aende naye. Tena anayembeba mwenzake naye huchoka. Wabebaji wawe wengi.

Mtume Paulo aliwaagiza Wagalatia kubebeana mizigo, naye hakubagua mizigo ya mwili na ya akili. Leo baada ya Misa, ukimuuliza mwenzako habari yake, usipite. Simama, usubiri jibu.