Namba Kifuani, Risiti Mkononi

Kijana wa Manibe, huku kwetu Arua, anayekwenda kutafuta kazi Dubai hulala kwenye basi, karibu kilomita 500 mpaka Kampala, kisha anaunga hadi uwanja wa ndege wa Entebbe. Akifika kwenye mashine ya ukaguzi macho ni mekundu, pasipoti ni mpya, na hajui kama huyu mwenye sare mbele yake ni wa usalama, wa uhamiaji au wa forodha. Hapo ndipo anapoulizwa: "Umebeba pesa ngapi?"

Mkaguzi wa usalama hana kazi na swali hilo. Yeye anatafuta silaha, vilipuzi na vitu vya hatari, basi. Viza ni ya uhamiaji, bidhaa ni za forodha. Lakini kijana atamwambiaje? Anaogopa kuachwa na ndege, na ajenti aliyemtafutia kazi alishamwonya asibishane na mtu yeyote.

Mwanzoni mwa 2023 malalamiko ya abiria kuombwa kitu kidogo Entebbe yalijaa mitandaoni mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda ikalazimika kujibu hadharani. Ahadi hazikukosekana. Na abiria bado anaambiwa wimbo ule ule: ukionewa, ripoti. Aripoti nani? Yule mrefu mwenye sare ya bluu?

Dawa inajulikana. Kila mkaguzi avae namba kubwa kifuani, inayosomeka hatua mbili mbali. Begi lifunguliwe mezani, chini ya kamera, mwenyewe akiona. Kitu kikichukuliwa, kiandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya aliyekichukua. Mama anayeuza mihogo sokoni Arua akitozwa ushuru hupewa karatasi. Iweje anayenyang'anywa mali uwanja wa ndege aondoke mikono mitupu?

Chukua asali, maana watu wetu hawasafiri bila asali ya kwetu, mkoa wa West Nile, au kopo la karanga na ufuta uliosagwa. Tangu njama ya mwaka 2006 ya kulipua ndege zilizokuwa ziruke kutoka London kwa vilipuzi vya majimaji, viwanja vingi duniani haviruhusu chombo cha zaidi ya mililita 100 kwenye begi la mkononi. Asali imo, na kile kilichosagwa kikawa uji mzito kimo pia. Sheria ni halali. Kinachouma ni kopo kuingizwa chini ya meza bila neno, abiria akabaki anajiuliza leo nani atakula mkate kwa asali yake. Angeambiwa mapema Arua, kwa Kilugbara au Kiswahili, angeliweka kwenye sanduku la kwenda tumboni mwa ndege na ugomvi usingekuwepo. Hilo nalo ni karatasi moja tu, ibandikwe kwenye ofisi za mabasi na za maajenti.

Tutaambiwa usalama hauchezewi. Kweli, na Entebbe yenyewe ni shahidi. Ndege ya Air France iliyoletwa pale mwaka 1976, enzi za Idi Amin, jirani yetu wa Koboko, ilitekwa baada ya kutoka Athens tarehe 27 Juni. Watekaji walipanda na silaha zao kwa sababu ukaguzi wa Athens ulikuwa legelege. Hakuna aliyewahi kusema wakaguzi wale walikuwa na adabu kupita kiasi. Mkaguzi anayewinda noti ndani ya pochi ndiye atakayepitwa na bastola.

Tuwatendee haki pia. Kutazama picha za mabegi huchosha macho, ndiyo maana nchi nyingi humwondoa mtu mbele ya skrini baada ya dakika 20 hivi. Anayeachwa pale saa nzima atafoka, hata awe mpole namna gani. Wapangiwe zamu za kibinadamu. Na mwanamke akaguliwe na mwanamke, ikibidi kuvuliwa mtandio iwe ndani ya chumba. Hili lisingehitaji kuandikwa gazetini.

Lakini zamu isiwe kisingizio cha kuahirisha namba na risiti. Kibandiko na kitabu cha karatasi havisubiri mkopo wa Benki ya Dunia. Mkaguzi msafi naye vitamlinda, siku abiria mkorofi atakapomsingizia kwamba ameiba. Mamlaka itutajie tarehe ya kuanza.