Mwanafunzi Asiyefungua Kinywa

Katika madrasa zetu za Arusha na za vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, yupo mwanafunzi anayekemewa kila siku kwa sababu hafungui kinywa anaposoma. Madda anaikata, herufi hazitoki katika makhraji yake, na sauti yake haifiki hata kwa jirani yake mkekani. Huhesabiwa mvivu. Kumbe mtoto yule anaficha meno.

Ndugu Waislamu, watu wa Maji ya Chai, Ngarenanyuki na Oldonyo Sambu wanayajua haya. Maji yanayopita katika miamba ya volkano ya Meru hubeba madini ya floraidi, na katika chemchemi nyingi kiasi chake huvuka miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaumbika ndani ya ufizi, huota yakiwa na madoa ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoyaondoa. Mtu mzima aliyehamia kutoka Tanga hunywa maji yale yale na meno yake yakabaki meupe. Ndiyo maana katika darasa moja hukaa wenye madoa na wasio nayo, na hawa wa pili huwacheka wa kwanza.

Huwabandika majina. Sitayaandika, maana kuyaandika ni kuyaeneza. Lililo baya zaidi ni kwamba sunna ya mswaki hugeuzwa silaha: mtoto huambiwa mbele ya wenzake kuwa hasafishi kinywa, na mara nyingine msemaji ni mtu mzima mwenye ndevu. Wale ambao floraidi imewapinda miguu, hali yao ni nzito zaidi.

Allah (S.W) katika Suratul-Hujurat, aya ya 11, amekataza watu kudharauliana, kutiana aibu na kuitana kwa majina ya kejeli. Aya hii huisomesha mno katika darsa za watu wazima, kana kwamba watoto hawamo. Abdullah bin Mas'ud (R.A) alipokuwa akichuma miswaki katika mti wa araki, upepo ulimyumbisha na Masahaba wakaicheka miundi yake kwa wembamba wake. Mtume (S.A.W) hakulipitisha jambo lile kama mzaha. Aliwauliza wanacheka nini, kisha akawajulisha kuwa miundi ile katika mizani ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Na Ibn Mas'ud ni mmoja wa wale wanne ambao Mtume (S.A.W) aliagiza Qur'ani ichukuliwe kwao! Watu wangapi wa aina yake wamekwisha kuacha chuo kwa sababu ya kicheko?

Wapo watakaosema kwamba utani huwakomaza watoto. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, hakuona hivyo. Katika Muqaddima yake ameeleza kuwa mwanafunzi anayelelewa kwa ukali na kudhalilishwa hupoteza uchangamfu, akajifunza uongo na hila ili kujikinga, mpaka hila ikawa tabia yake. Tutazame basi ni nani tunayemkabidhi fimbo pale mwalimu anapotoka: yule mwanafunzi mkubwa, ambaye mara nyingi naye nyumbani hupigwa na kutukanwa. Anachowafanyia wadogo amefundishwa, na bakora tumempa sisi wenyewe.

Mzazi asitarajie kushitakiwa jambo hili. Mtoto aliyeonewa husema tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule, au hurudi na njaa ilhali alipewa fedha ya andazi, au huomba kuhamishwa chuo bila kutaja sababu. Huziba mdomo kwa kiganja anapocheka. Tukiona hayo tusikimbilie kusema kuwa ameipa dini mgongo.

Maimamu walitaje jambo hili kwenye hutuba, na walimu waache kuwakabidhi wanafunzi fimbo. Ama mzazi, asimuulize mwanawe, "Nani kakupiga?" Atajibu hakuna, na huenda akawa mkweli. Amkalishe karibu naye baada ya Isha, wenzake wakiwa hawapo, amuulize taratibu: "Mwanangu, huko chuoni wenzako wanakuita nani?"