Harufu ya Kinywa Haitoki Tumboni

Mwandishi aliyetangaza kwamba harufu mbaya ya kinywa asili yake ni tumbo, na kwamba mwenye ufizi utokao damu aache mswaki mpaka upone, ametupa sisi watu wa Boga, mashariki mwa Kongo, nasaha ambayo, tukiifuata, itatung'oa meno. Aghalabu harufu hiyo huzaliwa kinywani humo humo, hasa nyuma ya ulimi, ambako vijidudu huozesha masalio ya chakula. Na damu ile ni dalili ya ukoga ulioganda pambizoni mwa jino. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake wa Aarhus, Denmark, walieleza habari za watu 12 walioacha kusafisha meno kwa makusudi: fizi za wote zilivimba ndani ya majuma matatu, na waliporejea usafi zikapona kwa takriban juma moja.

Wala umaskini si udhuru (ijapokuwa vita vimetukausha mifuko), kwani kijiti kilichotafunwa ncha hata kikawa nyuzi, kikipitishwa taratibu ukingoni mwa ufizi, huuondoa ukoga huo. Basi namwomba aitangue kauli yake. Na msomaji atokwaye na damu apige mswaki usiku huu, asiusahau ulimi, na damu isipokoma baada ya majuma mawili, amwendee tabibu.