Ukoo Haupimwi kwa Yadi

Desemba iliyopita nilipanda basi kutoka Dar mpaka Tukuyu kuhudhuria mkutano wa ukoo. Mvua ya kwetu mnaijua, haina simile. Wazee walikaa mbele chini ya turubai, sisi vijana tukasimama nyuma, viatu vimelowa chapachapa. Ajenda ya kwanza: sare.

Kaka yetu mmoja aliyesoma Glasgow akasimama na picha mkononi. Akasema kule Uskoti kila ukoo una kitambaa chake cha mirabamiraba tangu enzi na enzi. Ukitaja jina la baba yako tu, dukani unaonyeshwa rangi za mababu zako. Wao wana Mac, sisi tuna Mwa. Basi na sisi tuchague kitenge chetu, kiwe alama ya damu, na kila mwenye kipato atoe elfu thelathini. Makofi!

Mimi sikupiga. Tuanze na hilo jina. Ni kweli Mac ni mwana wa fulani, na Mwa yetu nayo inakurudisha kwa mzee fulani; ndiyo maana akina Mwandosya, Mwakyembe na Mwakyusa wakitajwa bungeni, nchi nzima ilijua wametoka pande zetu. Lakini Kenya, huko Kwale, yuko waziri wa zamani anaitwa Mwakwere, naye ni Mdigo. Tukifuata herufi tatu za mwanzo peke yake, itabidi tumtumie na yeye barua ya mchango. Hata Uskoti kwenyewe wengi walijipa jina la chifu waliyeishi chini yake, wakitafuta ulinzi. Damu haikuulizwa.

Sasa kitambaa. Mwaka 1746, baada ya uasi wa watu wa milimani kushindwa, serikali ya London iliwapiga marufuku wanaume kuvaa mavazi yao ya kimilima, isipokuwa askari. Marufuku ikafutwa mwaka 1782. Halafu mwaka 1822 mfalme George wa Nne akaenda kutembelea Edinburgh, na mwandishi Walter Scott, mtu wa riwaya kama tunavyotaka kuwa sisi, ndiye aliyepanga sherehe. Machifu wakaambiwa waje na mirabamiraba yao. Wengine hawakuwa nayo! Wafumaji wa Bannockburn, akina Wilson, walipata oda mpaka basi; vitambaa vingine walikuwa wakiviuza kwa namba tu kabla havijapewa majina ya koo. Na mwaka 1842 ndugu wawili, waliojidai kuwa ni wajukuu wa mwana wa mfalme, wakachapisha kitabu cha mirabamiraba kutoka kwenye hati ya kale. Hati yenyewe ilikuwa ya kughushi. Hizo ndizo enzi na enzi za kaka yetu.

Siwacheki Waskoti. Tunafahamiana nao. Ile milima inayoshuka Ziwa Nyasa, mashariki yetu, bado inaitwa Livingstone, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wa misheni walipoondolewa Rungwe, Waskoti wa Livingstonia ndio waliovuka Songwe kuja kuangalia makanisa. Kama wanapenda vitambaa vyao, ni vyao, na anayebuni kipya leo anakisajili serikalini bila kujificha. Nasi tununue kitenge kama tunapenda. Ila tuseme tumekinunua Kariakoo, tusiwaambie watoto kwamba babu alikivaa.

Kinachoniuma zaidi ni kile ambacho hakikutajwa kabisa. Akina Wilson wengine, Godfrey na mkewe Monica, waliishi Rungwe katikati ya miaka ya 1930 wakiandika jinsi babu zetu walivyoishi. Mvulana wa miaka kumi hivi aliondoka kwa baba yake, akaenda kujenga vibanda na wenzake wa rika moja. Kijiji kilikuwa cha rika. Ndugu wa ukoo mmoja walitawanyika huku na huku, wakiunganishwa na ng'ombe, mahari na matanga, bila sare. Na vijana wale walipokomaa kulikuwa na ubusoka: nchi inakabidhiwa kwa kizazi kipya, wazee wanasogea pembeni kuwaachia nafasi. Sisemi ilikuwa pepo. Dada zetu waliozwa wangali wadogo, mara nyingi kwa wanaume wazima wenye ng'ombe. Lakini kusogea, wazee walisogea.

Ardhi ilipobana, na kahawa ikaingia, vijiji hivyo vikafa. Leo kijana wa Rungwe mwenye miaka thelathini anapewa nini na ukoo? Anapewa yadi sita.

Nilinyoosha mkono. Nikasema, baba mwenyekiti, shikamoo. Naomba kuuliza kuhusu lile shamba la babu kule bondeni, ambalo halilimwi mwaka wa tano huu, wakati vijana saba wa ukoo tunapanga vyumba Mbeya na Dar. Wenzetu wanapanda parachichi. Je, sisi tunaweza kugawiwa?

Mwenyekiti akamtazama katibu. Katibu akasema hilo litaingia kwenye mengineyo.

Mengineyo ilipofika saa kumi na moja, turubai lilikuwa linavuja na wazee wengi walishaondoka. Mkutano ukafungwa kwa sala. Elfu thelathini yangu bado ninadaiwa, na jina langu limesomwa mara mbili kwenye kundi la simu la ukoo.