Bia Mpya, Nidhamu Ile Ile

Ndugu askari na polisi wa Arua na Koboko, bia ya nafaka si jambo geni katika West Nile. Kabla ya chupa kufika, wazee waliketi pamoja wakinywa kwete, pombe ya mahindi na ulezi. Ndiyo maana Eagle Lager ilipotokea mwaka 2002, ikipikwa kwa mtama wa Epuripur uliotoka kwa watafiti wa Serere, ilipokewa vyema. Mkulima alipata soko, nayo bei ikawa nafuu, kwani serikali iliitoza kodi ndogo kuliko bia ya shayiri.

Lakini katika unafuu huo kuna mtego. Aliyekuwa akinunua chupa mbili sasa hununua nne. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku waragi ya pakiti; bia haikuguswa. Kilichobaki ni nidhamu yetu wenyewe.

Mwananchi wa Koboko analala karibu na mipaka ya Sudan Kusini na Kongo, akitegemea macho yako. Basi kunywa siku ya mapumziko, bila sare, bila silaha. Bunduki na chupa hazikai meza moja.