Mtumba na Mtumbwi: Koti la Mvuvi Si Kasumba

Kuna hoja inayopendwa sana katika midahalo yetu ya wanafunzi. Inasema kwamba Mwafrika anayevaa jaketi zito, sweta la sufu au kofia ya kufunika masikio katika nchi ya jua ana kasumba. Mavazi hayo, tunaambiwa, yalishonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya. Kuyavaa Rumonge, mji wa joto na michikichi, ni kuiga bila kufikiri. Hoja hii hupigiwa makofi kila inapotolewa. Mimi naipinga, kwa sababu ni hoja ya mtu anayelala usiku.

Mimi ni mtoto wa Rumonge na joto letu nalijua. Lakini ndagala havuliwi mchana. Hufuata mwanga wa taa, na taa hushinda pale tu mwezi usipokuwepo. Kwa hiyo kuanzia Magara na Minago hadi Nyanza-Lac, wanaume huingia ziwani jua likizama na kurudi alfajiri. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na milima imeliinamia. Usiku upepo hushuka kutoka milimani kuelekea majini. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusini nao huongezeka. Mvuvi huvuta wavu uliolowa, maji yakamtiririka mikononi mpaka kifuani, kisha hukaa kimya akingoja samaki wakusanyike tena. Mtu aliyelowa na kupigwa na upepo hutetemeka hata mahali ambapo maji hayajawahi kuganda. Isitoshe, Kiswahili chenyewe kina neno kipupwe. Wazee waliotuachia neno hilo hawakuhitaji theluji ili waijue baridi.

Kosa la hoja ya kasumba ni kudhani kwamba vazi hufuata ramani. Vazi hufuata kazi. Tuangalie mashamba ya maua ya Naivasha, nchini Kenya. Waridi likishakatwa hupelekwa katika chumba cha baridi, nyuzi chache tu juu ya sifuri, ili lifike sokoni Uholanzi likiwa halijachanua. Wanaopanga na kufunga maua humo huvaa makoti mazito, kofia na glavu, huku nje watu wakitembea na fulana. Hakuna anayewaita watumwa wa Ulaya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mavazi ya kujikinga. Ua lina chumba chake na mtunza ua ana koti lake. Kwa nini mvuta wavu wa Rumonge, anayetulisha sisi sote, achekwe kwa sweta alilojinunulia mwenyewe?

Hapo ndipo tunapoingia katika suala la mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa sokoni ifikapo 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo; mwaka 2018 Marekani ikaiondolea nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Mjadala ukawa wa viwanda na heshima ya taifa. Nakubali kwamba hoja hizo zina uzito. Marobota mengine yana matambara matupu, na mafundi wetu wa cherehani wanapoteza wateja. Hata hivyo, katika yote niliyoyasoma sikukutana na mvuvi. Pamba ya uwanda wa Imbo ni mali yetu na tuitukuze, lakini pamba ikilowa hukaa na maji na kumpoza aliyeivaa. Sufu huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu. Anayetaka kufunga mlango wa mitumba atuambie kwanza sweta la sufu la mvuvi litatoka kiwanda gani.

Wapo wanaokubali joto lakini wakakataa urembo. Wanasema maskini ajifunike tu, mambo ya mtindo awaachie wenye pesa. Dharau hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Mvuvi sokoni hugeuza nguo ndani nje, huvuta mshono, kisha huuliza kama rangi inampendeza. Ana haki hiyo. Tena nguo inayofaa mtumbwini ndiyo ile iliyokatwa vizuri: fupi, isiyonasa kwenye wavu, yenye mikono inayobana kiganjani, nyepesi chini ya koti la mvua, na inayoacha nafasi ya kuvaa jaketi la kujiokolea juu yake. Koti refu lililojazwa pamba hunywa maji na kumvuta chini aliyetumbukia. Fundi wa cherehani akipunguza mikono na kubana kiuno, anaongeza usalama na umaridadi kwa wakati mmoja, naye anapata riziki kutokana na mtumba uleule tunaoambiwa umemuua.

Nadai mambo matatu. Wenye vyombo wanaonunua nyavu, taa na injini wahesabu mavazi ya joto na jaketi la kujiokolea kuwa vifaa vya kazi, si starehe ya mvuvi. Wanaotunga sera za ushuru watenganishe nguo ya kazi na nguo ya anasa kabla ya kupandisha bei. Nasi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuache kulitumia neno kasumba kama fimbo ya kuwachapa watu ambao hatujawahi kukesha nao. Neno hilo lina kazi nzito ya kufanya mahali pengine, na wenye kustahili kuambiwa hawapatikani ndani ya mtumbwi saa tisa za usiku.