Mwanangu haendi shule, lakini anasoma

Huku Ukerewe tuko salama, baridi tu ndiyo inatukumbusha kwamba hatuko kwetu.

Leo nataka kujibu lile swali ninaloulizwa kila nikipiga simu: "Mtoto ameanza shule?" Hapana jamani, bado anasomea nyumbani, huu mwaka wa pili. Najua wengine mnaona nafanya jambo la kificho, maana huko Tanzania Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. England ni tofauti. Sheria yao ya 1996, kifungu cha 7, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, iwe shuleni au kwa njia nyingine. Halmashauri inajua yuko nyumbani na inaweza kuuliza anasoma nini.

Mimi wodini nafanya zamu tatu kwa wiki, kila moja saa kumi na mbili na ushee. Siku hizo anakuwa na baba yake. Zinazobaki ndizo shule yetu: asubuhi hesabu na kusoma, mchana tunatoka. London ina raha yake, makumbusho makubwa ya taifa hayana kiingilio, na mtoto wa chini ya miaka 11 hupanda basi bure. Tukifunga chapati zetu na chai kwenye chupa, siku imepita kwa nauli yangu tu.

Majuzi tulipanda kilima cha Greenwich, kunakopita mstari wa longitudo sifuri uliokubaliwa na mataifa mwaka 1884. Binti ana miaka 8. Tukapiga hesabu: dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, Dar iko kama nyuzi 39 mashariki, kwa hiyo iko mbele kwa saa mbili na nusu na kidogo, nasi tunahesabu tatu. Tukaingia kwenye saa za Kiswahili. Kwetu jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili na kuzama kwenye saa kumi na mbili, mwaka mzima hupishana kidogo tu. London mwezi wa Desemba linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Akasema, "Basi saa za bibi huku haziwezekani, jua lao halina adabu." Hapo kasoma jiografia, hesabu na Kiswahili, wala hakujua kama anafundishwa.

Na hiyo ndiyo sababu yangu kubwa. Kiingereza atakipata tu, kiko dukani, kwenye basi na kwenye televisheni. Kiswahili hakuna wa kumpa ila sisi. Kazini nimehudumia wazee wa mataifa mbalimbali waliohamia hapa ujanani. Ugonjwa wa kusahau ukiwashika, Kiingereza kinawatoka, wanabaki na lugha ya mama zao. Watoto wao wamekaa kando ya kitanda hawaelewi mzazi anaomba maji au anaomba dua. Mimi sitaki yanikute.

Sisemi kila mtu afanye hivi. Mama aliye peke yake na zamu tano kwa wiki siwezi kumshauri. Mitihani ya GCSE akifika miaka 16 tutailipia wenyewe. Marafiki nao inabidi uwatafute, ndiyo maana kila Jumatano tunakutana bustanini na familia nyingine zinazosomesha nyumbani. Wanacheza mpaka giza linawakuta.

Sasa zamu yenu. Mnanigombeza kuhusu shule, lakini mtoto akiwapigia mnamwanzia Kiingereza, tena wengine kwa kujikongoja! Huyo mwalimu wa Kiingereza tunaye huku. Msemesheni Kiswahili. Akisema "kitabu yangu", mrekebisheni bila kumcheka. Mama mdogo, mwambie "Paukwa" na umngoje ajibu. Shangazi, mpe mafumbo na umwache ahangaike nayo. Bibi mwenyewe hajui Kiingereza, na ndiye anayemfundisha kuliko nyinyi wote.

Simu ni Jumapili saa kumi jioni, saa za kwenu. Hiyo ameipigia hesabu mwenyewe.